uMabatha: Wafu walipopanda jukwaani Durban

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika ukumbi wa wazi wa Chuo Kikuu cha Natal mjini Durban, wasanii wa Kizulu walicheza kwa lugha yao kisa cha jemadari anayemuua mfalme wake. Tamthilia iliitwa uMabatha. Mwandishi, Welcome Msomi, aliichukua Macbeth ya Shakespeare akaihamishia katika dola ya Wazulu ya karne ya 19. Wachawi watatu wakawa izangoma, waganga wenye kusema na mizimu.

Aliyemhimiza ni Profesa Elizabeth Sneddon wa chuo hicho, aliyeona jinsi kisa kile kilivyoshabihiana na historia ya Shaka, mfalme wa Wazulu. Nayo haikuwa historia ya mbali. Shaka aliuawa mwaka 1828 na nduguze wa baba mmoja, Dingane na Mhlangana, huko KwaDukuza, kaskazini mwa Durban.

Tazama onyesho la karamu. Mabatha anamwona Bhangane, sahibu yake ambaye yeye mwenyewe aliamuru auawe. Wageni hawaoni kitu. Kwa Mwingereza, huo ni mzuka wa kutisha. Kwa Mzulu, karamu ya pombe ndipo hasa wafu hualikwa: huwekewa pombe na nyama umsamo, sehemu yao ndani ya nyumba, upande wa nyuma. Mtu akifia mbali, jamaa huenda na tawi la mti wa umlahlankosi hadi alipofia, wakaiita roho yake na kuirudisha nyumbani. Roho ya Bhangane haikuitwa kwa tawi hilo. Amekuja mwenyewe, na kuja kwake ni kudai deni.

Mwaka 1972 uMabatha ilichezwa London, katika ukumbi wa Aldwych. Mwaka 1997 ikarudi huko, katika Globe. Wapo walioilaumu kwamba, miaka ile ya 1970, ubaguzi wa rangi ukiwa umepamba moto Afrika Kusini, iliwapa Wazungu picha waliyoipenda ya Mzulu wa ngoma na mikuki. Lawama hiyo ina uzito, lakini haifuti alichofanya Msomi: aliwapa wafu wa Shakespeare makao miongoni mwa wafu wa kwao.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyotoka mwaka 1968. Anayetaka kuipandisha jukwaani leo asianze na mavazi. Aulize kwanza: wafu wa hapa hudai nini kwa walio hai, na hudai wapi?