Mbegu, Palizi na Ghala Tupu

Kwa miaka mingi mkulima wa Handeni amesemwa kuwa ni mvivu wa palizi. Shamba limejaa majani, mahindi yamekuwa ya manjano, basi neno limekwisha. Juma hili tuitazame lawama hiyo kihistoria.

Mkonge uliletwa na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba makubwa yakaenea kandokando ya reli, nayo yalitaka watu wenye nguvu. Sasa angalia kalenda. Wakati wa palizi ndio wakati ghala la mkulima huwa tupu. Mwenye njaa hawezi kungoja mahindi yake yakomae. Huenda kibaruani, kwenye mkonge au kwa jirani, apate unga wa leo. Anaporudi, zile wiki za kwanza, ambazo mahindi machanga hayawezi kabisa kushindana na magugu, zimekwisha pita. Hivyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwakani. Handeni, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa pamoja na Kilindi, iliyaonja hayo wakati wa ukame na nzige mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Mwaka 1974, chakula kilipopungua nchini, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, pamoja na Mradi wa Taifa wa Mahindi. Mbegu na mbolea vikatangulizwa. Palizi ikaachiwa bwana shamba aihubiri kwa mdomo. Na mbolea haichagui: magugu nayo huila.

Kituo cha Ilonga, Kilosa, kilitoa mbegu za Kilima na Staha mwaka 1983, kisha TMV-1 mwaka 1987. Staha ilikusudiwa nyanda za chini, nayo, kama TMV-1, ilistahimili ugonjwa wa milia. Kulikuwa pia na Katumani kutoka Machakos, Kenya, inayokomaa upesi kwa siku 90 hivi. Wataalamu walipima kwa magunia. Akina mama walipima kwa kinu: punje ngumu haipotei ovyo katika kukoboa, na fukusi hukawia kuitoboa. Ndiyo maana mbegu ya kienyeji haikuondoka, na mimi sioni ujinga hapo.

Mbegu hizo za Ilonga zilikuwa na faida nyingine: mkulima aliweza kubakiza mbegu yake kwa misimu kadhaa. Chotara, zilizoenea baada ya biashara ya mbegu kufunguliwa katika miaka ya 1990, hununuliwa kila msimu. Mwenye fedha kidogo hulazimika kuchagua: mbegu dukani, au kibarua wa kumsaidia kupalilia.

Kisha kuna kiduha, lile gugu la maua mekundu linalonyonya mizizi ya mahindi. Linapochomoza juu ya ardhi limekwisha fanya madhara yake. Ukiling'oa kabla halijatoa mbegu unaokoa shamba la miaka ijayo, siyo mavuno ya mwaka huu, na kazi hiyo nayo humkuta mwenye shamba yuko kibaruani.