Nani Husoma Kabla Yetu? Kisa cha Sokal na Mlango wa Majarida

Katika darasa la nadharia za fasihi kisa cha Alan Sokal husimuliwa kama kichekesho. Mwanafizikia wa New York University aliandika upuuzi mtupu, akaujaza maneno ya Derrida na Lacan, akaupeleka kwa jarida la wananadharia, nao wakauchapa. Darasa linacheka, mwalimu anaendelea na mada. Mimi nami nilicheka. Lakini nilipokwenda kuisoma habari yenyewe niliona kwamba tunachokicheka sicho hasa kilichotokea, na kwamba sisi tunaoandika katika kurasa kama hizi hatuna haki ya kucheka kwa sauti kubwa hivyo.

Hebu tuanze na matukio. Jarida lenyewe ni Social Text, lililochapishwa na Duke University Press ya Marekani. Mwaka 1996 wahariri wake walitoa toleo maalumu, namba 46/47, kuhusu vita vya sayansi, yaani ugomvi uliokuwapo wakati ule baina ya wanasayansi na wahakiki waliodai kwamba sayansi nayo ni zao la jamii na itikadi zake. Humo yamo makala ya Sokal, yenye tanbihi zaidi ya 100, yakidai kwamba uhalisi wa kimaumbile ni kitu kilichojengwa na jamii na lugha. Aliwanukuu wanafalsafa wa Ufaransa na, hili ndilo la kuangalia, aliwanukuu kwa sifa Stanley Aronowitz na Andrew Ross, ambao walikuwa watu wa jarida lilelile. Mwezi Mei mwaka huohuo akatangaza katika jarida jingine, Lingua Franca, kwamba makala yale yalikuwa mzaha wa makusudi. Habari ikafika ukurasa wa kwanza wa New York Times. Wahariri wakawa wameingizwa mjini mbele ya dunia nzima.

Watu wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba nadharia ya kisasa ni maneno matupu. Hitimisho hilo ni la haraka mno. Sokal mwenyewe, mtu wa mrengo wa kushoto aliyewahi kufundisha hisabati Nikaragua wakati wa serikali ya Wasandinista, aliandika baadaye kwamba kule kuchapwa tu kwa makala yake hakuthibitishi mengi. Kinachonishughulisha mimi ni njia aliyopita mswada ule mpaka ukawa kurasa za jarida.

Njia hiyo wahariri waliieleza wenyewe. Social Text wakati ule haikuwa na utaratibu wa kupeleka miswada kwa wasomaji wa nje. Kundi la wahariri lilisoma na kuamua lenyewe, wala hawakuona haya, kwani walijihesabu katika ukoo wa vijarida vidogo vya siasa na fasihi. Mswada wa Sokal hawakuupenda sana. Walimwomba apunguze falsafa na akate tanbihi nyingi. Akakataa. Wakamwona ni mwandishi mgumu, mambo yakalala. Kisha likaja lile toleo maalumu, wakataka sauti ya mwanasayansi upande wao, wakauchukua kama ulivyo. Hawakumwuliza mwanafizikia yeyote, na makala yanahusu fizikia!

Kwangu mimi kosa liko hapo, katika siku waliyoamua kuurudia. Maandishi yalikuwa yaleyale waliyoyatilia shaka. Kilichobadilika ni haja yao ya kuwa na mtu wa cheo kile.

Sasa mtu atasema: si wangekuwa na wahakiki wa nje, mambo yangekwisha? Sisi wa fasihi neno mhakiki tunalitumia kwa anayechambua kitabu kilichokwisha kutoka. Mhakiki ninayemsema hapa husoma mswada kabla, na kwa kawaida mwandishi haambiwi ni nani. Tumezoea kudhani amekuwapo tangu majarida yaanze. Kumbe sivyo.

Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alipoanzisha Philosophical Transactions mwezi Machi 1665, kwa kiasi kikubwa aliamua mwenyewe kipi kiingie, ingawa baraza la chama lilitaka baadhi ya wanachama wapitie kwanza. Chama kililichukua jarida mikononi mwake mwaka 1752 na kuweka kamati ya kuchagua makala. Ripoti za wahakiki zilizoandikwa zikaanza katika miaka ya 1830. Majarida mengine mengi yaliendelea kumwachia mhariri. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka kwa Physical Review makala yaliyodai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri, John Tate, akampa mtu mwingine asome, naye akaonyesha kosa. Einstein alikasirika kwamba mswada wake umeonyeshwa kwa mtu kabla ya kuchapwa, akauondoa. Ulipotoka mwaka 1937 katika jarida la Franklin Institute, hitimisho lilikuwa limegeuzwa. Mhakiki yule, Howard Robertson, alikuwa sahihi. Hata Nature, jarida linalotajwa kama msahafu wa sayansi, lilifanya uhakiki wa nje kuwa sharti la kudumu mwaka 1973 tu. Makala ya Watson na Crick juu ya umbo la DNA yalichapwa humo mwaka 1953 bila mhakiki wa nje.

Kisa cha Einstein kinamtukuza mhakiki. Kipo kingine kinachomvua nguo. Mwaka 1982 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Douglas Peters na Stephen Ceci, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walichukua makala 12 yaliyokwisha kuchapwa katika majarida ya saikolojia na watu wa vyuo vyenye sifa, wakaweka majina ya kubuni na taasisi za kubuni, kisha wakayarudisha kwa majarida yaleyale. Matatu tu yaligunduliwa. Kati ya 9 yaliyobaki, 8 yalikataliwa, mara nyingi kwa sababu eti mbinu za utafiti zina kasoro kubwa. Tafakari hilo, ndugu msomaji. Mbinu zilezile, meza zilezile, chuo tu ndicho hakijulikani. Mimi naona kisa hiki na cha Social Text ni ndugu. Huku jina limeingiza kibovu, kule kukosa jina kumetoa kizima.

Hapo sijamsafisha Sokal. Mhariri hupokea mswada akiamini kwamba aliyeuandika anaamini anachokisema. Stanley Fish aliandika katika New York Times mwezi uleule wa Mei kwamba hila kama ile inakula imani ambayo usomi wenyewe unaitegemea. Wakati huo Fish alikuwa mkuu wa Duke University Press, kwa hiyo si shahidi asiye na upande. Hata hivyo nadhani hoja yake haikujibiwa vizuri, na mwaka 2018 ikarudi kwa nguvu. Watu watatu, James Lindsay, Helen Pluckrose na Peter Boghossian, walitunga makala 20 ya uongo na kuyapeleka kwa majarida ya jinsia na mengineyo. 7 yalikubaliwa, na 4 kati yake yalikuwa yamekwisha kuchapwa hila ilipofichuka. Majarida hayo yalikuwa na wahakiki! Lakini baadhi ya makala yale yalikuwa na data za kubuni, likiwamo moja juu ya mbwa katika bustani za Portland. Upuuzi wa Sokal mwanafizikia angeuona akiwa amekaa kitini. Data ya kughushi mhakiki hana namna ya kuiona akiwa mezani kwake. Hawezi kwenda Portland kuwahesabu mbwa upya. Humo sasa ndimo zinamoingia kanuni za maadili, za aina inayotolewa na COPE, kamati iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na wahariri wa majarida ya tiba: nani ahesabiwe mwandishi, mswada usipelekwe kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, makala ya uongo yafutwe hadharani.

Turudi nyumbani. Gazeti letu hili liko katika ukoo uleule ambao Social Text ilijihesabu: kundi dogo, wahariri wanajuana na waandishi, msomaji wa nje hakuna. Sisemi tuige majarida makubwa. Nimeonyesha kwamba nayo yana yao. Lakini tunajua sote jinsi makala yenye majina matatu ya wanafalsafa katika aya ya kwanza yanavyopita, na jinsi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yanavyongoja muhula mzima. Nilipendekeza kwa mhariri kwamba majina yaondolewe kabla kamati haijasoma. Makala haya nayo niliyapeleka bila jina. Kesho yake nilipata jibu, limeanza kwa kunitaja jina langu, na la baba.