Rufiji na Maji Yake: Historia Fupi ya Mafuriko Yetu



Kwa kawaida ukurasa huu huwa wa historia ya shule zetu, misikiti yetu na watu wetu. Mwaka huu tumeona tuzungumzie mto. Wapo ndugu zetu ambao tangu Aprili 2024 bado hawajasimama vizuri, na mchango tunaowaomba mwaka huu unahusu jambo hilo. Ni haki yenu kujua tumefikaje hapa kabla ya kutia mkono mfukoni.

Mto Rufiji hukusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu huyaleta kutoka nyanda za Mbeya na Iringa, Kilombero kutoka milima ya Udzungwa na Mahenge, na Luwegu kutoka kusini. Yote hayo hukutana, hupita kwenye korongo la Stiegler, kisha hutandaa katika bonde letu hadi kwenye delta. Ndiyo maana Ikwiriri panaweza kuwa na jua kali wiki nzima huku mto unapanda. Mvua inayotufikia kama mafuriko huwa imeshanyesha siku nyingi nyuma, juu ya mapaa ya watu tusiowajua. Na kule delta, maji ya mto yakikutana na bamvua hukosa pa kutokea haraka, hivyo hurudi kutandaa mashambani.

Wazee wetu waliyajua haya bila ramani. Kilimo chao kilifuata mto. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, ili masika yakifika na maji yakapanda, uwe umeshapata kimo cha kusimama ndani yake. Maji yalipopungua, kuanzia Mei na Juni, walishuka kwenye tope lile lile lililoachwa na mto na kupanda mlau: mahindi, kunde, maboga. Mlau hauhitaji mvua. Hunywa unyevu uliobaki ardhini, na tope jipya ndiyo mbolea yake. Samaki nao walifuata maji, kwa kuwa maziwa yetu kama Uba, Ruwe na Zumbi hujazwa mto unapofurika.

Kwa hiyo katika bonde letu mafuriko hayakuwa adui peke yake. Mwaka ambao mto haukupanda ulikuwa mwaka wa njaa, sawa na mwaka uliopanda kupita kiasi. Mtafiti Henk Bantje, aliyeandika mwaka 1980 kuhusu mafuriko na njaa za Rufiji, alionyesha hilo: upungufu wa chakula wilayani umeletwa na pande zote mbili, maji mengi na ukame. Wazee hawakuomba mto ukauke. Waliomba upande kwa kiasi, na walijiandaa kwa mwaka ambao ungekataa kusikia.

Maandalizi yao yalikuwa dungu. Vijana waliozaliwa mjini huenda wanalijua kwa jina tu. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, chenye sakafu ya fito na ngazi ya kupandia. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Lakini maji yalipokuja, familia ilihamia juu na chakula chake, na mtumbwi ukafungwa kwenye nguzo kama baiskeli mlangoni. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba katika nyumba ya bondeni kitu cha kwanza kutafutwa si kitanda, ni mtumbwi.

Mwaka 1968 maji yalizidi nguzo za watu wengi. Wakati huo wakazi wengi wa Rufiji waliishi humo humo bondeni, wametawanyika kando ya mto na kwenye miinuko midogo. Baada ya mafuriko hayo serikali iliamua watu wahame wapande juu, kwenye kingo za bonde, waanzishe vijiji vya ujamaa. Rufiji ilitangulia, operesheni ya vijiji ya nchi nzima ilikuja miaka kadhaa baadaye. Wengi wetu tuliozaliwa baada ya hapo tunatoka katika vijiji hivyo vya juu, na mikorosho tuliyoikuta imepandwa kwenye mchanga wa huko.

Uamuzi ule una sifa yake na una kasoro yake, na vyote viwili vinatuhusu leo. Sifa ni kwamba mafuriko makubwa ya 1974 yalipokuja, nyumba nyingi zilikuwa juu. Shule na zahanati zikajengwa mahali ambapo maji hayafiki. Kasoro ni kwamba nyumba zilihama, lakini mashamba hayakuhama. Udongo wa juu ni mchanga, hauwezi kulisha familia kama bonde linavyolisha. Watu wakaendelea kushuka, wengine mwendo wa saa kadhaa, wengine kwa kuvuka mto. Msimu wa kulinda mpunga ukifika, familia hukaa kwenye dungu kwa wiki nyingi. Na msimu huo ndio masika.

Basi tangu wakati huo Mrufiji ana makazi mawili, moja juu na moja chini. Kwenye daftari la kijiji ameandikwa juu. Maji yakija Aprili, mara nyingi yanamkuta chini. Anayehesabu kaya zilizo hatarini kwa kuangalia nyumba za kijijini atapata hesabu isiyo sahihi, na mtumbwi utapelekwa pasipo na mtu.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilitukumbusha hivyo. Kisha likaja bwawa. Wazo la kuziba maji pale korongoni ni la siku nyingi, lakini ujenzi ulifanyika katika miaka yetu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Miezi miwili baadaye, katika msimu mwingine wa El Nino, bonde lote likajaa. Muhoro ni miongoni mwa maeneo yaliyoingiwa na maji hadi majumbani. Mpunga uliokuwa karibu kuiva ukalala chini ya maji. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua za msimu ule na athari zake.

Wapo wananchi waliosema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowazamisha. Serikali ilieleza kwamba bwawa lilipunguza makali, na kwamba bila hilo maji yangekuwa mengi zaidi. Ukurasa huu hauna uwezo wa kuamua kesi hiyo. Tunachoweza kusema ni kwamba bwawa limebadilisha mambo mawili. La kwanza, miaka ya mafuriko makubwa huenda ikawa michache, na watu wakazoea kujenga na kulala mahali ambapo bibi zao wasingelaza hata mbuzi. La pili, sasa kuna mlango juu ya mto, na wapo wanaojua mapema kiasi cha maji yatakayoshuka. Taarifa hiyo ikifika Utete lakini isifike kwenye dungu, haijamsaidia mwenye dungu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini. Kamati ya kijiji haiwezi kufanya kazi kwa sheria peke yake. Inahitaji vitu vya kushika mkononi, na hapo ndipo chama chetu kinaweza kuingia. Tunaomba michango yenu kwa mambo matatu.

Kwanza, nguzo za alama. Tunataka kila kijiji cha bonde kiwe na nguzo imara zenye rangi, zikionyesha maji yalifika wapi mwaka 2024, na pale ambapo wazee wanakumbuka, 1974 pia. Kijana anayetaka kujenga aone kwa macho yake, asisimuliwe.

Pili, daftari la madungu na njia ya kuyafikia. Kila kamati iandike nani yuko shamba gani msimu wa masika, nani ana mtumbwi, nani ana simu, nani atapuliza filimbi kwa asiye na simu. Vipaza sauti, filimbi, makoti ya kuokolea na mafuta ya boti si vitu vya bei kubwa tukichangia wengi.

Tatu, mbegu. Hili tunalisisitiza kwa sababu husahaulika. Mwaka 2024 misaada ya unga na mablanketi ilifika, na tunaishukuru. Lakini maji yakipungua, bonde huwa tayari kwa mlau kwa wiki chache tu kabla tope halijakauka na kupasuka. Aliyepoteza mpunga wake huwa amepoteza na mbegu. Ana ardhi iliyonona kuliko miaka yote na hana cha kuweka ndani yake. Akiba ya mahindi na kunde ya mbegu, iliyohifadhiwa juu kijijini na kugawiwa maji yanapoanza kushuka, inaweza kumpa chakula chake mwenyewe ifikapo Septemba.

Tunawaomba pia jambo lisilo la fedha. Mkienda nyumbani sikukuu hii, kaeni na wazee walioiona 1968. Waulizeni maji yalifika wapi, na waombeni wawapeleke wawaonyeshe mahali penyewe, maana wanaoweza kufanya hivyo wanazidi kupungua. Yaandikeni, mtuletee. Nguzo zetu zitachimbiwa hapo watakaponyooshea kidole.