Tunzo Isiyofika Mkononi

Sisi wa visiwani tunaijua adabu ya kutunza. Mwimbaji wa taarabu akifika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka, hupita mbele ya hadhara na kumtia fedha mkononi. Kwa dakika hiyo wawili hao huonana uso kwa uso. Lakini tangu sauti ya Siti binti Saad iliponaswa kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928, alianza kuzaliwa mpenzi wa namna nyingine: ampendaye asiyemwona, wala hatojuana naye.

Mmoja wao nilimkuta Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, panapoonekana bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Mzee huyo, mkulima wa korosho ambaye jina lake nalihifadhi, alinionesha daftari la skuli lililojaa maneno ya nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. Aliziandika ujanani, mstari mmoja leo na mwingine juma lijalo, akingoja Radio Tanzania izipige tena. Betri zilipochoka, alizianika juani. Kila alipokwenda Masasi, aliuliza kama bendi itapita.

Msomaji asimcheke. Miaka ya sabini mto Rufiji haukuwa na daraja. Gari zilivuka kwa kivuko, na masika njia ya kusini ilikatika. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Sauti ilivuka kwa mawimbi ya redio, mwenye sauti hakuvuka. Mzee alifuata habari zote: Mbaraka kuihama Morogoro Jazz, kisha kuunda Super Volcano mwaka 1973. Alimjua kama ndugu, ndugu hakumjua.

Januari 1979 ikaja habari kwamba Mbaraka amefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, akiwa na umri wa miaka 34.

“Nilifiwa, mdogo wangu,” aliniambia mzee, “lakini sikuwa mfiwa.”

Hapakuwa na matanga ya kukaa, wala aliyempa pole. Aliwaona wenzake wakitabasamu, akaenda kulia chini ya mkorosho.

Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu walijaa viwanja vya Leaders, Dar es Salaam. Wako waliowashangaa waliolia kwa ajili ya mtu wasiyepata kumpa mkono. Hao angalau walilia pamoja.

Twawaita watu hawa wendawazimu wa mapenzi. Mimi naona upweke wao hautokani na kupenda kupita kiasi. Wamepokea kitu kikubwa, na shukrani yao haina mkono wa kuipokea. Anayetunza hurudi kitini akiwa mwepesi. Asiyeweza kutunza hubaki na mzigo.

Nilipoaga, mzee alinitia noti mkononi.

“Huko kwenu bado wanaimba mbele za watu,” alisema. “Mtunze yeyote atakayekugusa. Usimtaje aliyekutuma.”

Nilifanya hivyo.