Neno Boy na Safari Yake hadi Boi

Neno ninalotaka tulizingatie katika mhadhara huu ni fupi na la kawaida mno. Mwanafunzi wa Kiingereza hulipata katika masomo yake ya mwanzo kabisa: boy. Mwalimu humwambia kuwa maana yake ni mvulana, naye huridhika. Lakini mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Nairobi analijua pia kwa sura nyingine, boi, na humo mvulana hayumo. Boi ni mtumishi wa kiume wa nyumbani. Anaweza kuwa na umri wa miaka 20. Anaweza pia kuwa na wajukuu. Je, maana hizi mbili zilikutana wapi?

Jibu ambalo nimelisikia mara nyingi ni kwamba wakoloni walilipotosha neno jema la Kiingereza. Historia hailiungi mkono jibu hilo. Matumizi ya mwanzo ya boy katika maandishi ya Kiingereza, mnamo karne ya 13, yanamhusu mtumishi na mtu wa tabaka la chini. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja baadaye, ikajitwalia nafasi ya kwanza pole pole. Neno knave lilikwenda njia nyingine: lilianza kwa mvulana, likapitia kwa mtumishi, likaishia kwa mlaghai, ilhali ndugu yake wa Kijerumani, Knabe, amebaki mvulana mpaka leo. Wala Waingereza hawako peke yao. Pais ya Kigiriki cha kale ilikuwa mtoto na pia mtumwa. Puer ya Kilatini vivyo hivyo. Hata ghulamu, ambalo sisi tumelipokea kwa maana ya kijana, katika Kiarabu limebeba pia maana ya mtumishi na mtumwa.

Kiswahili nacho kilikuwa na msamiati kamili wa utumwa, na si vyema tujifanye hatuukumbuki. Hata hivyo msamiati huo ulitenganisha hali na umri: mtwana ni mtu mzima, kitwana ni mdogo, mjakazi na kijakazi kadhalika. Boi halina utengano huo. Mpishi wa makamo na kijana wa kufua nguo waliitwa jina moja, katika jamii ambayo mtu wa makamo huamkiwa shikamoo.

Jinsi neno lilivyofika kwetu pia si jambo la njia moja. Huko India, Waingereza walikuwa wamezoea kuwaita watumishi wao boy, na kamusi mashuhuri ya Hobson-Jobson, iliyochapwa mwaka 1886, inaeleza kwamba neno hilo lilichanganyika na jina la watu wa kabila la wachukuzi wa machela, linalopatikana katika Kitelugu na Kimalayalam kwa umbo la boyi. Wajerumani nao walilitumia katika koloni lao la Afrika Mashariki. Kwa hiyo Tanganyika haikuhitaji kungoja utawala wa Waingereza ili ilijue. Lilipoingia katika sarufi yetu lilipewa wingi wa ma-: maboi. Wapo wanaouona wingi huo kuwa ni dharau. Sikubaliani nao, maana mabwana nao wamo katika kiambishi hicho hicho.

Dharau iko kwingine, na Wamarekani Weusi waliieleza waziwazi. Mwaka 1968, wazoa taka wa Memphis waliogoma walibeba mabango yaliyosema kwamba kila mmoja wao ni mwanamume. Bango hilo haliwezi kueleweka bila kulijua neno lililokuwa likijibiwa. Miaka mingi baadaye suala lilifika mahakamani, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuku huko Alabama. Mahakama ya rufani ilishikilia kwamba boy, likisimama peke yake bila kutajwa rangi ya mtu, si ushahidi wa ubaguzi. Februari 2006, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba maana aliyoikusudia msemaji yaweza kutegemea muktadha, kiimbo, toni ya sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi. Sijui kama waheshimiwa majaji walipata kusoma isimujamii, lakini somo la pragmatiki walilifaulu.

Hapo ndipo kamusi zetu zinaponitia wasiwasi. Kuandika kwamba boi ni mtumishi wa nyumbani, bila alama yoyote ya matumizi, ni kumfundisha mgeni neno ambalo hatulitamki mbele ya mwenyewe. Tangu Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani upitishwe mwaka 2011, nyaraka rasmi husema wafanyakazi wa majumbani. Mitaani watu bado husema hausiboi na hausigeli, na wengine husema dada wa kazi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia hapo: ni nani humwita nani hivyo, na je, humwita akiwa anasikia?