Maleba ya Enzi

Mwanafunzi wa sekondari pale Migori atakujibu bila kusita kwamba maleba ni mavazi ya fanani: ngozi, manyoya, njuga, lolote linalovaliwa kuupamba utendaji. Ngomani jibu hilo linatosha. Kwenye tamthilia ya nyimbo inayosimulia zamani halitoshi, kwani hapo vazi ni la mhusika, tena la zama zake. Ndiyo maana napendelea tuseme maleba ya enzi, tuyatenge na vazi la kitamaduni, ambalo watu huvaa harusini leo wala hakuna anayeliuliza tarehe.

Chukua Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, lililoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake hukadiriwa kuwa za karne ya 16. Kikundi kikiigiza maisha ya wenyeji wake, mshonaji atavutiwa na owalo, sketi ya katani inayopepea nyonga zikichezeshwa. Inapendeza, lakini mkonge unaotoa katani ni mgeni kutoka bara la Amerika. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893. Ngozi ya mbuzi iliyolainishwa ingekuwa karibu zaidi na ukweli. Sisemi katani ipigwe marufuku: aliyeketi safu ya nyuma haoni uzi, anaona mwendo. Ila ichaguliwe kwa kujua, si kwa mazoea.

Kisa cha Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay, Homa Bay, hakina mwaka. Huko maleba hubeba hadhi. Kikongwe anayefukuzwa karamuni avae ngozi kuukuu, iliyokwajuka, hadi hadhira nayo imdharau kidogo kabla maji hayajakimeza kijiji.

Wimbo nao una madai yake. Gara, zile njuga za miguuni, ni vazi na ala kwa pamoja. Mwenye kuzivaa hawezi kunyata wala kupita kimya penye maombolezo, hivyo zifungwe kwa fundo jepesi la kufumuka haraka. Kofia ya manyoya isimzibe masikio, asije akaikosa sauti ya nyatiti, ile ala ya nyuzi. Na mshipi wa ngozi ufichiwe lastiki, maana mwimbaji hupumua kwa tumbo. Mzee wa karne ya 16 hakuwa na lastiki, ni kweli, lakini pia hakulazimika kuimba mbele ya majaji wa mashindano.