Imani, Utambulisho na Utunzi katika Maisha ya Audre Lorde (1934–1992)

Makala haya yanachunguza nafasi ya imani katika utunzi wa Audre Lorde, mshairi Mweusi wa Marekani aliyejitambulisha hadharani kuwa mwanamke anayependa wanawake wenzake. Hoja kuu ni kwamba miungu wa Afrika Magharibi wanaotajwa katika kazi zake si pambo la kishairi. Ni nasaba aliyoijenga baada ya kunyimwa nafasi kamili na jumuiya alizokuwa mwanachama wake.

Lorde alizaliwa New York na wazazi wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani, akasoma katika shule za Kikatoliki, kisha akawa mkutubi. Mwaka 1973, Broadside Press, shirika la uchapishaji la Weusi, lilitoa diwani yake ya From a Land Where Other People Live, lakini shairi lake kuhusu mapenzi baina ya wanawake likaachwa nje. Kwa hiyo, mlango uliompokea kama Mweusi haukumpokea kama mpenzi wa wanawake.

Mwaka 1974 alizuru Afrika Magharibi, ikiwemo Dahomey, ambayo leo ni Benin. Diwani ya The Black Unicorn (1978) inamtaja Mawulisa, mungu wa Wafon mwenye sura ya kike na ya kiume, pamoja na miungu wa Wayoruba. Mwishoni mna faharasa ya majina hayo, ishara kwamba Lorde aliyafanyia utafiti. Mwaka uliofuata alimwandikia barua mwanafalsafa Mary Daly, akihoji kwa nini miungu wa kike katika kitabu chake ni wa Ulaya tu, ilhali wanawake wa Afrika wanaonekana kama wahanga. Hapa imani ilikuwa hoja dhidi ya ubaguzi ndani ya harakati za wanawake.

Ni kweli kwamba Lorde alichanganya mapokeo ya Wafon na ya Wayoruba, naye hakulelewa katika lolote kati ya hayo. Mtafiti anayesaka ethnografia ya Dahomey hataipata humo. Hata hivyo, kwa mwanahistoria, uteuzi huo wenyewe ni ushahidi: unaonyesha kile ambacho kanisa, harakati za Weusi na harakati za wanawake havikumpa kwa pamoja. Kabla ya kufariki mwaka 1992, alipewa jina la Gamba Adisa katika hafla ya Kiafrika ya kutoa jina. Nasaba aliyoianza kwa kalamu ilikuwa imekuwa jina lake.